Bastola Zisizo na Marehemu

Kwa miaka mingi watu wa kanisa letu waliamini kwamba Shemasi anapiga tarumbeta. Hawakuwa na sababu ya kuamini vingine. Kila Jumamosi asubuhi aliteremka barabara ya Chaussée d'Ixelles, hapa Ubelgiji, amevaa suti na tai, viatu vinang'aa, mkononi kisanduku cheusi cha ngozi chenye vishikizo vya shaba, akasimama kituoni kusubiri basi kama mtu anayekwenda mazoezini. Wasusi wa nywele wa Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Waafrika wenzetu, ambao humjua kila mpita njia pamoja na mambo yake, walimchokoza.

"Papa Shemasi, mutatupigia lini hiyo trompette yenu?"

"Maman, hii haipigiwe mu nyumba ya Mungu," alijibu, akainua kofia.

Hakudanganya. Tangu nimjue sikuwahi kumkamata na uongo. Alikuwa tu na namna ya kuutamka ukweli ukapita pembeni yako bila kukugusa, na wewe ukabaki unacheka.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na bastola. Si zile za siku hizi za polisi na majambazi. Zilikuwa bastola za kushindilia, za mtindo wa zamani kabisa: baruti unaimimina mdomoni mwa mtutu, unafuatisha kitambaa na kigololi cha risasi, unavisukuma hadi chini kwa ufito uitwao mdeki, kisha unapachika fataki ndogo kwa nyuma. Unapiga mara moja tu. Ukitaka kupiga tena, unaanza upya. Alizokuwa nazo ni nakala mpya zilizotengenezwa Italia kwa kufuata mfano wa zile walizobeba wawindaji na walowezi wa Amerika walipokuwa wakisonga magharibi kwenye nchi za watu. Zilikuwa na vitako vya mbao nyekundu na urembo wa shaba. Nzuri, lazima niseme. Nilizichukia, lakini zilikuwa nzuri.

Tuliishi jengo moja pale Ixelles, mimi na mama yangu juu, yeye chini yetu. Mimi nilikulia pale, nikasomea uuguzi pale, na hata nilipohama nilirudi kila wiki kula kwa mama. Kwa hiyo Shemasi ni mtu niliyemsikia kupitia sakafu zaidi ya nilivyomwona. Nilijua kikohozi chake, redio yake, nyimbo alizoziimba kwa sauti ya chini akipiga pasi. Nilijua pia harufu yake ya Jumamosi jioni. Baruti nyeusi ikishaungua huacha masizi ndani ya mtutu, na masizi hayo hayatoki ila kwa maji moto na sabuni ya vyombo. Maji yakikutana nayo, nyumba nzima hunuka mayai viza. Majirani wa juu walidhani ni bomba la choo. Wanawake wa kanisani, waliokaa nyuma yake Jumapili, walikuwa na maelezo yao: Shemasi ana ugonjwa wa tumbo, maskini, na hana mke wa kumwambia aende kwa daktari. Mmoja alimletea dawa ya mizizi. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na nina hakika aliinywa.

Mama yangu ndiye aliyeugundua ukweli. Alikuwa na desturi ya kumpelekea chakula, sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, maana alisema mwanamume anayekula mkate wa dukani peke yake kila siku ni aibu kwa jengo zima. Jumamosi moja alishuka na sahani, akakuta mlango uko wazi, akaingia akiita. Shemasi alikuwa amepiga magoti bafuni, mikono ya shati imekunjwa, na ndani ya beseni la kuogea mitutu ya bastola ililoweshwa kwenye povu. Mama hakupiga kelele. Aliweka sahani sakafuni palepale, akapanda ngazi, akajifungia chumbani. Nilipofika jioni nilimkuta bado na aproni.

"Tulikimbia bunduki na miguu chini," aliniambia. "Tukaacha nyumba, tukaacha kila kitu. Na yeye? Iko nazinunua! Na pesa yake! Iko nazioga na savon sawa vile mutoto!"

Ni lazima nieleze kidogo. Baba yangu aliuawa kwa risasi nyumbani kwetu, kule Bukavu, mashariki ya Kongo, nami nikiwa mdogo. Watu waliokuja walikuwa na bunduki zinazotema mfululizo, na baba hakufika hata kwenye ua. Mama ndiye aliyeona. Mimi nilisikia. Shemasi naye alitoka Kivu kwa njia ile ile ya kukimbia, na yaliyompata yeye hakuwahi kuyasema mbele yetu, ila alikuja Ubelgiji peke yake wakati picha aliyokuwa nayo ukutani ina watu wengi.

Siku ya pili yake alipanda kwetu amevaa suti kamili. Mama hakumpa kiti, lakini alikaa. Akasema maneno ambayo mtu mwenye akili timamu hayasemi kwa mjane.

"Maman, mwenye alipiga bwana yenu alikuwa na bunduki ya kupiga mingi mingi. Kama angekuwa na hii yangu, angepiga moja. Pengine angekosa. Na mbele acharge tena, amimine baruti, asukume risasi, bwana yenu iko tayari kule mu shamba ya jirani."

Mama alisimama na kumfungulia mlango. Mimi nilitaka kumfuata ngazini nimwambie kwamba baba yangu si mfano wa kutetea michezo ya wazee. Nani amempa ruhusa ya kumtia baba yangu kwenye mahesabu yake? Nilimchukia siku hiyo kwa roho yangu yote. Na bado, kwa majuma mengi baada ya hapo, nikiwa nasubiri lifti hospitalini au napanga foleni ya mkate, nilijikuta namwona baba anavuka ua, anaruka uzio wa jirani, anapotea kwenye mahindi. Shemasi alinipa jambo ambalo sikuliomba, na sikuweza kulirudisha.

Sahani hazikushuka tena ngazi kwa muda mrefu.

Sasa niseme juu ya ukaidi wake. Kulikuwa na maonyesho ya silaha za kale ambako wakusanyaji walikutana kuuziana na kutambiana, na mara moja nilimsindikiza, baada ya mimi na yeye kupatana kwa namna nitakayoieleza. Mzee mmoja wa Kibelgiji mwenye masharubu alimwita kwenye meza yake. Alikuwa na bastola halisi, ya karne ya walowezi wenyewe, imelala juu ya kitambaa cha mahameli. Alitaka Shemasi aishike. Shemasi akaweka mikono nyuma.

"Monsieur, hii ilishaua mtu?" akauliza kwa Kifaransa chake cha adabu.

Mzee akacheka kwa fahari. Bila shaka, akasema, silaha kama hii, miaka kama ile, mahali kama pale! Shemasi akarudi nyuma hatua, akatoa leso, akajifuta vidole ambavyo havikugusa kitu. Wakusanyaji wengine walimwona mjinga. Mtu mwenye kupenda vitu vya kale anakataa cha kweli na kununua nakala? Walimwambia nakala hazina thamani kwa sababu hazina historia.

"Njo ile miye natafuta," alinieleza tukitoka. "Yenye haina marehemu. Hii yangu nilikuta yote mupya. Kama itaua muntu, itakuwa miye. Na miye sitaua. Alors, imeisha."

Kwenye klabu yao, nje kidogo ya mji, palikuwa na siku ambazo wanachama walivaa kama watu wa enzi zile: makoti ya ngozi yenye nyuzinyuzi, kofia za manyoya zenye mkia, pembe za kubebea baruti. Wazee wa Kiflamand, Wabelgiji wa kaskazini, wenye vitambi wakijiita wawindaji wa misituni. Walimsihi Shemasi avae naye. Walimletea hata koti. Aliwashukuru, akafungua kifungo kimoja cha koti lake la suti, na huo ndio ukawa ukomo wa mavazi yake ya mchezo.

"Bale banacheza," alisema. "Miye sichezake pale."

Mmoja wao siku moja, kwa nia njema nadhani, alimweleza kwamba zamani nchi hii yao ilitengeneza bunduki nyingi za kushindilia na kuzipeleka Afrika, pengine hata kwenu, Kongo. Alitaka kuonyesha kwamba tuna undugu. Shemasi alimtazama, akatabasamu kidogo.

"Najua," akasema. "Zilifika."

Na huyu huyu ndiye aliyepokonya bastola za maji kwenye sherehe ya Krismasi ya kanisa! Wazazi walikuwa wamewanunulia watoto vitu vya plastiki vya rangi, watoto wanakimbizana na kurushiana maji, na Shemasi akapita na mfuko wa taka, akazikusanya zote huku watoto wanalia. Akarudi na mipira. Mama mmoja alimfuata kumtolea maneno. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba mtoto asijifunze kumwelekezea mtu kitu hicho huku anacheka. Anayecheka ndiye anayemtisha yeye.

Hofu yake niliiona kwa macho yangu mbele ya Gare du Nord. Tulikuwa tunakwenda kupanda treni, mimi nimebeba kisanduku, na lori moja likapasua tairi karibu na njia panda. Kabla sijageuka Shemasi alikuwa amelala kifudifudi kwenye lami, suti na tai na kila kitu, mikono juu ya kisogo. Watu wa maofisini walimpita. Kijana mmoja akamcheka. Nilichuchumaa nikamshika bega, nikamsikia anatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Halafu akainuka, akajipangusa magoti, akatazama saa yake.

"Tutakosa train," akasema.

Nilimuuliza tukiwa tumekaa: mtu anayeanguka kwa tairi anakwendaje kufyatua bastola kwa hiari yake?

"Ile ya leo ilikuya bila kuniuliza. Yote ya kule kwetu ilikuyaka bila kuniuliza. Lakini ya kule ku club, ni miye naiita. Naiita, inakuya, inalia, njo inaisha. Wiki yote nakuwa muntu. Unaelewa, mutoto yangu?"

Nilielewa. Nilitamani nisielewe.

Nilikuwa nimeanza kumsindikiza baada ya jicho lake moja kufanyiwa upasuaji. Daktari alimkataza kubeba mizigo, na alipanda kwetu kuniomba nimbebee kisanduku, akisema ameniomba mimi kwa sababu najua kunyamaza. Nilikubali ili niende nimwone akijiumbua, sikuwa na nia nzuri. Mama alininunia. Lakini nilipofika kule niliona kitu ambacho sikukitarajia, nikaendelea kwenda.

Wengine walishindilia huku wanapiga soga. Shemasi alisali. Kila hatua ilikuwa na maneno yake. Akimimina baruti, alisema Baba yetu uliye mbinguni. Kitambaa na kigololi vikikaa mdomoni mwa mtutu, jina lako litukuzwe. Mdeki ukishuka, taratibu, ufalme wako uje. Na fataki ikipachikwa, mapenzi yako yatimizwe. Hapo aliinua mkono, akapiga. Moshi mweupe ulimfunika, na katikati ya moshi nilisikia sauti yake ikisema utusamehe makosa yetu. Mkate wa kila siku aliuruka. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mkate atakula nyumbani.

Alikuwa hodari wa kukosa. Karatasi ya shabaha ilirudi ikiwa salama mara nyingi, na hakujali hata kidogo.

Mama aliposikia habari ya sala alisema ni kufuru. Shemasi alijibu kwamba hajawahi kusali vizuri kuliko pale, maana kanisani mtu anaweza kusema maneno yote huku anawaza mchuzi, lakini pale ukiruka neno unajua. Ndiyo maana hakutaka kusemeshwa akishindilia. Ile ilikuwa sheria yake ya chuma. Ukimkatiza, alisema, atalazimika kuanza tena, kwa kuwa sala iliyokatika haiungwi katikati, inarudiwa kutoka Baba yetu. Hivyo ndivyo alivyowafundisha watoto wa kanisa, na hivyo ndivyo mimi nilivyofundishwa naye.

Msimamizi wa uwanja, mama wa Kiflamand mwenye sauti ya kuamsha wafu, alimpenda kwa ajili ya utaratibu huo. Aliniambia kwamba wanachama wengine siku moja watasahau baruti au wataiweka mara mbili kwa sababu ya midomo yao, lakini huyu monsieur, hapana, huyu kamwe.

Kisha ikaja Jumapili ile.

Alikuwa anaongoza Sala ya Bwana mbele ya kanisa zima, kama alivyofanya siku zote. Alifika kwenye mkate wetu wa kila siku, akanyamaza. Tukasubiri. Akaanza tena, Baba yetu uliye mbinguni, nasi tukamfuata. Akafika kwenye mkate, akanyamaza, uso wake ukawa kama wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Akarudi mwanzo. Mara hii watu walisisimka. Mama mmoja alianza kulia na kupaza haleluya, mwingine akainua mikono, ngoma ikagusa mdundo. Waliona Roho amemshukia Shemasi. Mimi niliona nilichozoea kukiona kazini, kwenye vyumba vya wazee ambao akili zinaanza kuwatoka. Lakini kilichonitisha hasa hakikuwa pale kanisani. Niliwaza Jumamosi. Niliwaza mtu ambaye, sala ikimponyoka, hurudi kwenye baruti.

Sikupata njia ya kumwambia katika juma lile. Nilijaribu. Niliishia kumpima shinikizo la damu na kumwuliza kama analala vizuri, naye akaniambia analala kama mtoto. Jumamosi nilibeba kisanduku kama kawaida.

Alishindilia mara ya kwanza salama, akapiga, akakosa. Mara ya pili alikuwa ameshafika ufalme wako uje, mdeki umeshuka hadi mwisho, baruti na risasi zimekaa mahali pake. Akauchomoa mdeki. Mbwa wa mtu akabweka kwenye maegesho. Haikuwa kelele kubwa. Shemasi akainua kichwa, akasikiliza, na nikaona ule uso wa Jumapili unarudi. Akaitazama bastola. Akanyoosha mkono kwenye chupa ya baruti.

"Baba yetu uliye mbinguni," akaanza.

"Papa, simama."

Hakusimama. Pengine hakuamini kwamba ni mimi.

"Papa! Umeshaweka!"

Aligeuka, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona amekasirika.

"Nilikukataza kuniongelesha! Weye! Weye njo nilikuamini!"

"Najua, Papa. Lakini umeshaweka. Baruti iko ndani. Ukiongeza, itakupasukia usoni."

"Sijaweka kitu. Niko mu mwanzo."

Msimamizi alikuwa amekwisha kufika. Hakubishana naye. Aliuchukua mdeki wa Shemasi mwenyewe, ambao ulikuwa na alama mbili alizozichonga kwa kisu, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu ulioshindiliwa, akauingiza taratibu. Ukasimama kwenye alama ya pili. Sote tuliiona. Shemasi aliinama akaitazama kwa karibu, kwa lile jicho lake lililopona, na hasira ikamtoka yote kwa mara moja.

"Bon," akasema.

Akailaza bastola mezani, mdomo ukielekea kwenye shabaha kama inavyotakiwa, akarudi nyuma na kufunga kifungo cha koti. Msimamizi akaitoa risasi kwa kifaa chake. Shemasi alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa:

"Na wiki yenye ilipita? Nani alikuwa naangalia?"

Juma lililopita nilikuwa kazini, na alikwenda na kisanduku peke yake.

Kwenye treni alikitazama kisanduku kilichokuwa magotini mwangu. Aliniomba. Sijui kama mnaelewa, mtu wa namna yake haombi. Alisema tutafanya hivi: yeye atashindilia, mimi nitaingiza mdeki kila mara kabla ya fataki, nitaangalia alama, nitakuwa akili yake. Saa moja tu kwa juma. Nikamwambia hapana. Sikumwambia kama muuguzi, nilimwambia kama mtoto anavyomwambia mzazi, nikilia, watu wa treni wakitutazama.

"Sasa ile ingine ikikuya bila kuniuliza," akasema, "nitaita nini?"

Alizitoa zote kwa klabu. Hakuuza hata moja. Siku ya kuziosha kwa mara ya mwisho nilishuka kumsaidia, na tulikuwa bafuni na mvuke na ile harufu mbaya niliposikia viatu vya mama kwenye ngazi. Alikuwa hajakanyaga mle ndani tangu siku ya sahani. Alisimama mlangoni na kanga mkononi. Shemasi alitaka kuinuka, mama akamwashiria asiinuke. Aliokota mtutu mmoja uliooshwa, akaupangusa, akauweka juu ya gazeti, akachukua mwingine. Aliupangusa kila mmoja kama kijiko cha wageni.

"Papa Shemasi, hii kweli haikuua muntu?"

"Haikuua, Maman."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Aya," akasema mama, akanyoosha mkono apewe mwingine.

Jioni ile alimletea sambaza.

Yaliyofuata yalikwenda upesi, kama yanavyokwenda. Aliacha gesi wazi. Alikutwa Galerie d'Ixelles akitafuta njia ya kwenda sokoni Kadutu, ambako ni Bukavu. Tukamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee yenye bustani, si mbali sana na basi, na wauguzi wake nilizungumza nao mimi mwenyewe. Nikawaambia wasifunge milango kwa kishindo. Walijitahidi, lakini nyumba kama ile ina mikokoteni na masinia yanayoanguka, na kila kitu kilichoanguka kilimwangukia yeye. Walimkuta chini ya meza. Walimkuta nyuma ya pazia. Waliniuliza kama zamani kulikuwa na kitu chochote kilichomtuliza.

Msimamizi wa klabu alikuwa hajamsahau. Alinitumia picha kubwa, ameitia kwenye fremu: Shemasi uwanjani, suti, tai, mkono umenyooka na bastola, moshi ndiyo kwanza unaanza kuchanua. Ilikuwa picha nzuri sana. Alikuwa anaonekana ametulia kuliko nilivyowahi kumwona kanisani. Nikasema, hii ndiyo. Nikampelekea mchana wa Jumapili, baada ya ibada, jua liko dirishani.

Alifurahi kuniona. Aliniita kwa jina la mtu mwingine, nikaitika. Nikakaa kwenye kiti, nikampa fremu, akaipokea kwa mikono miwili. Aliitazama. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni shemasi wa kanisa yetu, Papa."

"Shemasi, na bunduki?"

"Ni ya kucheza tu. Ni ya zamani."

Miguu yake ilikuwa inaning'inia kitandani, akaipandisha. Pumzi yake ilikuwa imebadilika.

"Anatafuta nani?"

"Hatafute muntu, Papa. Ni muntu muzuri. Ninamujua. Hakuua muntu hata moja."

"Bote banasemaka vile," akasema.

Nikanyoosha mkono niichukue, niifiche, nimwambie tumekosea picha, lakini hakuiachia. Aliiegemeza kwenye mto upande wa mlango, uso wa yule mtu ukitutazama, akajisogeza katikati ya kitanda ili awe kati yake na mimi. Mkono wake ulinishika kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akanivuta kutoka kitini.

"Kaa nyuma yangu, mutoto yangu," akasema. "Akipiga, atapiga miye. Weye utakimbia."

Nilivua viatu, nikapanda kitandani, nikakaa nyuma yake.